Ile Premio tulinunua na pesa ya likirimba

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama ambao njo munachungaka makuta ya nyumba, leo siongei juu ya bei ya gramu wala juu ya karte ya mchimbaji. Naongea juu ya gari. Munajua vile inaendaka: mwenzetu akipata mzigo mzuri kule Kamituga, ao kompani ikimulipa dekonti yake ya mwisho, mawazo inakuwa mbili tu. Kiwanja, ao taksi. Kiwanja mu Bukavu inaogopesha, juu unaweza kununua leo na kesho ukutane watu wawili wengine wako na makaratasi ya mahali pale pale. Basi mtu anachagua taksi.

Na sisi tulichagua taksi. Tulikuwa watu 21 mu likirimba ya sendika, kila mtu alitoa dola 200, ikafanya 4.200. Gari itembee mu muji, dereva alete versema kila mangaribi, na ile pesa isaidie wagonjwa pamoja na wajane wa wenzetu ambao shimo liliwafunika. Miye njo nilitumwa kuchagua, juu eti nilisoma kidogo na ninajua makaratasi. Makaratasi niliyasoma yote. Motere sikuiangalia.

Ilikuwa Toyota Premio ya mwaka 2002, nyeupe, safi, inanuka sabuni. Tulipofika, muuzaji alikuwa amekwisha kuiwasha. Hakuna moshi, hakuna kelele. Tulilipa, tukapiga picha. Wiki ya tatu dereva akasema anaona moshi wa bluu asubuhi. Nikamwambia ni baridi. Mwezi wa ine, mu mupando wa kwenda soko ya Kadutu, motere ilikamata na abiria wakiwa ndani. Walishuka, wakadai makuta yao, wakaendelea na miguu.

Fundi mmoja mzee aliifungua mbele yetu. Alipanguza mikono na kitambaa, akaniambia: «Prezida, hii motere ilikuwa imekufa mbele muinunue. Waliitia mafuta mazito ili moshi ulale.» Nikamuuliza: «Papa fundi, tungejuaje?» Akaonyesha kibati kile kinabandikwaka ndani ya gari: «Iliandikwa hapa. Hamkusoma.»

Kile kibati, watu wengi wanapitaka mbele yake kila siku. Kiko na namba ya shasi, na herufi za kwanza zinasema motere gani iko ndani. Premio za miaka ile ziko za namna tatu. Ikiandikwa NZT, motere ni 1NZ, ya 1.500, ile ile iko mu Vitz na mu IST. Ni motere ndogo lakini ngumu, inatumia cheni, haiombi mambo mingi. Ikiandikwa ZZT, ni 1ZZ ya 1.800. Iyo njo yetu. Toyota waliitengeneza na pistoni zenye vitundu vidogo sana vya kurudisha mafuta chini. Mafuta ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, vile vitundu vinazibika na makaa, segimenti zinashikana, na motere inaanza kukunywa mafuta. Kisha wakabadilisha zile pistoni, lakini gari za mbele ya pale zilikuwa zimekwisha kutoka. Ya tatu ni AZT, ya 2.000, ile wanaitaka D-4. Iyo inapiga esanse moja kwa moja ndani ya silenda na presha kubwa, na inataka esanse safi sana. Ukizoea kununua kwa kadafi, mu chupa za kando ya njia zile zilipita mu bido tano mbele ya kukufikia, usiiguse D-4. Na Mitsubishi zenye maandishi GDI ni ugonjwa ule ule, pompi inakufa.

Kwa wale hawana pesa ya Premio, ziko Carina na Corolla za miaka ya 1990 zenye motere 5A ao 7A. Sura imezeeka, lakini kila fundi wa Bukavu anaweza kuzifungua na macho yamefungwa, na piesi hazikose. Hizo ziko na mkanda wa distribusio, hazina cheni. Mkanda unabadilishwa kila kilometa 100.000. Wajaponi wakiubadilisha, wanabandikaka karatasi ndogo mu chumba cha motere yenye tarehe na kilometa. Itafute ile karatasi. Siku moja niliona gari inasema kilometa 78.000 ku tablo, na karatasi ya mkanda inasema 104.000. Nilicheka peke yangu. Muuzaji hakucheka. Uzuri wa 5A na 7A ni kwamba mkanda ukikatika, valvu hazigongani na pistoni: gari inazima, unafanya rimorke, unaweka mkanda mupya. Nissan Sunny zenye motere QG ziko na cheni, lakini cheni inarefuka na kapteri zinasumbua, taa ya motere haizimi.

Mtu atauliza: kama Wajaponi ni mafundi hivi, juu ya nini wanazitupa? Kwao kuna kontrole ya lazima, wanaiita shaken. Gari mupya inapimwa kisha miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na inauma mufuko. Gari ikizeeka, mwenyewe anaona bora auze. Inaenda mu mnada, halafu mu meli mpaka Mombasa ao Dar es Salaam, halafu barabara mpaka kwetu. Ku mnada kunakuwaka karatasi ya hali ya gari. Ikiwa na herufi R ao RA, ile gari ilifanyaka aksida na ikatengenezwa. Muulize muuzaji ile karatasi. Akisema ilipotea, usikasirike, lakini punguza bei mu kichwa yako.

Sasa volani. Japani wanatembelea kushoto, basi volani iko kuume, na sisi mu Kongo tunatembelea kuume. Serikali ilisemaka zaidi ya mara moja kwamba haipendi volani ya kuume, na huku mashariki tunaendelea nayo juu njo gari tunaweza kulipa. Lakini tujue inatufanya nini. Dereva akitaka kupita lori, haone kitu mpaka atoe nusu ya gari mu njia ya wengine, ao amuulize abiria wa kushoto «Niende?» Maisha ya watu wane mu mulomo ya mtu hajui kuendesha. Na mlango wa abiria wa mbele unafungukia katikati ya barabara. Kitu kingine watu hawajue ni mafari. Fari za Japani zimekatwa ili mwanga upande upande wa kushoto, ku kando ya njia yao. Kwetu kushoto njo macho ya mwenye anakuja mbele. Fundi mzuri anaweza kuzishusha kidogo. Radio nayo, nyingi zinaishia 90, stesheni zetu nyingi hazishikike, na kila asubuhi mwanamke mmoja anakusalimia Kijaponi mpaka ufe. Mama watoto alimupa jina.

Motere ingine inakufaka na maji. Bukavu ni mupando na mushuko, na ambutiyaji haiishe. Gari inasimama na motere inawaka, upepo hauingie, ni vantilatere peke yake njo inapoza. Mafundi wengi wakiona gari inapanda joto, kitu cha kwanza wanatoa termostati na kuitupa. Gari inapoa siku ile, mwenyewe anafurahi. Kisha motere inatembea baridi kila siku, inakunywa esanse mingi, inachakaa mbio, na ugonjwa wenyewe, pengine radiatere iliziba ao vantilatere haizunguke, unabaki pale. Wengine wanatia maji ya bomba. Maji ya bomba inaleta kutu, kutu inakula pompi ya maji. Siku joto inapita mupaka, jwendi ya kilasi inaungua, na pale munaongea mamia ya dola. Fungua kifuniko cha mafuta: ukikuta kitu cheupe kama mayonezi, maji imekwisha kuingia mu mafuta. Funga, shukuru, ondoka.

Ku wale wanatumaka taksi Uvira: mlima wa Ngomo. Kushuka kwenda Kamanyola na bwati otomatiki mu D, mguu juu ya freni dakika kwa dakika, mafuta ya freni inachemka, na saa unakanyaga tena, mguu unaingia mpaka chini bila kitu. Weka mu 2 ao mu L, acha motere ishike gari. Madereva wengi hawajuake ile L ni ya nini. Kurudi, kutoka mu bonde kupanda Nyangezi, njo radiatere inasema ukweli wake.

Na Kamituga? Ni karibu kilometa 180 mu barabara ya taifa namba 2, na wenyewe munaijua kunizidi. Kile kigari cha chini kitagonga karteri ku jiwe la kwanza kisha mvua. Karteri ikipasuka mafuta inamwagika, na dereva asipoona taa nyekundu, motere inabaki Mwenga. Suflei za kardani zinapasuka, udongo unaingia, unaanza kusikia ka-ka-ka ku kona. Suflei ni makuta kidogo, kardani ni mingi. Rotile nazo, kila mwezi inua gari na utikise gurudumu na mikono miwili. Rotile ikichomoka, gurudumu linalala chini na gari haiende tena popote.

Bwati otomatiki kila moja iko na mafuta yake, na jina imeandikwa. Premio za 2007 kwenda mbele nyingi ziko na CVT, iyo haina gia za kawaida, iko na mkanda wa chuma ndani. Ukitia mafuta ya bwati ingine juu ni ya bei ya chini, umeiua.

Kwa hiyo ukienda kununua, mwambie muuzaji mbele: asiiwashe mpaka ufike. Weka mkono juu ya kapo. Ikiwa moto, uliza juu ya nini, ao rudi kesho. Vuta joji ya mafuta. Iwashe, iache dakika kumi bila kuigusa, halafu kanyaga ghafula na mtu asimame nyuma. Moshi wa bluu ni mafuta. Mweupe ambao hauishe hata motere ikiwa moto ni maji. Mweusi ni esanse mingi. Na peleka fundi wako, usichukue ule muuzaji anakuitia, juu yule anakula pande zote mbili.

Kuna jambo ambalo si la vyuma. Tulikuwa tumepatana na dereva dola 15 kwa siku, mafuta ya motere ikawa juu yetu, na hakuna mtu alikuwa na kazi ya kuangalia joji. Dereva anafikiri ni mambo ya komite, komite inafikiri ni mambo ya dereva. Iyo Premio ilikunywa mafuta yake mpaka tone la mwisho na sisi wote 21 tulikuwa wenye gari. Mu shimo tunajua nani anaangalia mbao za kushikilia udongo kila asubuhi. Ku gari hatukuweka mtu.

Papa fundi alitutafutia motere ingine ya okazyo, 1ZZ ya 2006, ile ya pistoni za kisha. Pamoja na kazi yake ilitufikisha dola 850, na likirimba ya miezi miwili iliingia mule yote. Watu sita waliomba wapewe 200 yao na watoke. Tumelipa wawili. Wane wangali wanangoja, na mmoja wao, mama mjane, ananikutaka kila siku ya Mungu ku mulango wa kanisa. Hasemi kitu, ananisalimia tu.

Kila siku ya posho, saa kumi na mbili ya asubuhi, dereva analeta gari mbele ya nyumba yangu motere ikiwa imelala baridi. Ninavuta joji, ninaandika mu kaye, tunatia sahihi wote wawili, halafu anaenda kutafuta abiria.