Kumfuata Mfungwa Mmoja: Njia ya Kufundishia Historia kwa Nyaraka

Sisi wakufunzi wa historia huwaambia wanachuo wetu kwamba historia ni habari za watu. Lakini tukiyapitia maandalio ya masomo wanayotuletea wakati wa mazoezi ya kufundisha, twakuta mikataba, vita na majina ya magavana. Mtu wa kawaida hatumwoni. Katika makala haya twakusudia kueleza njia moja ya kumwingiza darasani, nayo ni kumchagua mtu mmoja na kumfuata hatua kwa hatua katika karatasi zilizoandikwa na waliomtawala. Mtu tuliyemchagua alikuwa mfungwa. Sababu ni nyepesi: mkulima aliyeishi na kufa kwa amani kijijini kwake aghalabu hakuandikwa mahali popote, bali mfungwa aliandikwa kila alipovuka mlango.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Australia. Baina ya mwaka 1788 na 1868 serikali ya Uingereza iliwapeleka huko wafungwa zaidi ya 160,000, kwanza New South Wales, kisha Tasmania, na mwishowe Australia ya Magharibi. Kila mmoja aliacha nyuma yake mlolongo wa maandishi: kumbukumbu za mahakama, orodha ya meli, hesabu za watu zilizofanywa koloni mara kwa mara, sensa ya New South Wales ya mwaka 1828, vyeti na misamaha. Katika orodha za baadaye waliandika hata urefu wa mfungwa, rangi ya macho, kazi aliyoijua na makovu ya mwilini. Hawakuyaandika hayo kwa mapenzi. Waliyaandika ili akitoroka akamatwe. Lakini mjukuu anayetafuta leo, kovu lililoandikwa na askari huenda likawa ndilo jambo la pekee analolijua kuhusu sura ya babu yake. Mwaka 2007 UNESCO iliziingiza kumbukumbu hizo katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia.

Watu hawakuzipenda siku zote. Kwa muda mrefu kuwa na babu mfungwa kulihesabiwa kuwa doa katika ukoo, na zilikuwapo familia zilizoficha habari hizo hata kwa watoto wao. Siku hizi mambo yamegeuka, na wengi huzitafuta kwa fahari. Mwalimu asilipite jambo hili upesi, kwa maana litarudi darasani kwake kwa njia asiyoitazamia, kama lilivyoturudia sisi.

Anayemtafuta mfungwa hufuata kanuni mbili. Ya kwanza ni kuanza mwisho na kurudi nyuma: kutoka kwa walio hai hadi kifo, kutoka kifo hadi meli, kutoka meli hadi mahakama. Ya pili ni kuuliza hukumu ilitolewa wapi, kwa sababu mashtaka na ushahidi havisafiri na mfungwa. Hubaki mahali alipohukumiwa. Jina lake nalo si la kutegemea sana, kwani karani aliliandika alivyolisikia.

Sasa tumtazame mtu wetu. Mwezi wa Aprili 1823 meli iitwayo Brampton ilitia nanga Sydney ikiwa na wafungwa wa Kiayalandi waliopakiwa katika bandari ya Cork. Lakini meli hiyo ilimleta pia Mwafrika mmoja, David Stuurman, ambaye jina lake huandikwa vilevile Dawid. Anayemtafuta katika mahakama za Ireland atapoteza wakati wake, kwa kuwa alihukumiwa Cape Town. Hapo kanuni ya pili yaonekana faida yake, nasi huwaachia wanafunzi waivumbue wenyewe kwa kutazama ramani ya safari za meli za zamani.

Tukirudi nyuma kutoka Sydney twafika kisiwa cha Robben. Stuurman alifungwa kisiwani humo mara mbili, na mara zote mbili alitoroka. Mara ya kwanza alipelekwa huko mwaka 1809, akatoroka, akavuka nchi hadi kwa Waxhosa, akaishi huko takriban miaka kumi. Alikamatwa tena mwaka 1819. Mwaka 1820 wafungwa waliasi na kuteka mashua, naye akawa miongoni mwao. Walipokamatwa, baadhi ya viongozi wa uasi ule waliuawa, na Stuurman akahukumiwa kuhamishwa maisha hadi New South Wales. Alikaa katika minyororo mpaka ilipopatikana meli ya kumchukua.

Je, kosa lake la kwanza lilikuwa nini? Hapa ndipo somo linapokolea, na hapa ndipo tunapomsihi mwalimu asiharakishe. Stuurman alikuwa kiongozi wa Wakhoikhoi wa mashariki mwa Rasi. Yeye na kaka yake Klaas walipigana katika vita vya mpakani vilivyoanza mwaka 1799, vita ambavyo Wakhoikhoi wengi waliyaacha mashamba ya walowezi na kuungana na Waxhosa. Baada ya vita walipewa ardhi karibu na mto Gamtoos, na Klaas alipofariki David alishika uongozi. Mwaka 1809 walifika kwake Wakhoikhoi wawili waliomkimbia mlowezi aliyekataa kuwaacha waondoke. Stuurman hakukubali kuwatoa. Kwa ajili hiyo alikamatwa, na watu wake wakatawanywa na kupelekwa kufanya kazi kwa walowezi. Mwaka huohuo Gavana Caledon alitoa sheria iliyowataka Wakhoikhoi wawe na makao yaliyoandikishwa na wasitembee bila hati. Wanafunzi wa Kenya waliokwisha kusoma habari za kipande hawahitaji kuelezwa sheria hiyo mara mbili.

Basi karatasi zinamwita mhalifu, na zinamwita kwa jina la dharau ambalo Wazungu waliwabandika Wakhoikhoi. Zinaeleza kutoroka kwake kwa urefu. Kuwahifadhi watu wawili waliomkimbilia kunatajwa kama ukaidi. Mwanafunzi akizisoma bila mwongozo atatoka na picha ya jambazi. Akiongozwa vibaya kwa upande mwingine atatoka na picha ya malaika. Yote mawili hayafai. Tunalotaka ni kwamba kwa kila karatasi aulize nani aliiandika, alitaka itumike kwa kazi gani, na ni mtu gani aliyekuwapo asiyeulizwa neno.

Upo pia ushahidi usio wa serikali. Thomas Pringle, mwandishi wa Kiskoti aliyeishi Rasi, aliandika habari za Stuurman kwa kumtetea. Jenerali Richard Bourke, aliyewahi kuwa kaimu gavana wa Rasi, alikwenda kuwa gavana wa New South Wales mwaka 1831, lakini Stuurman alikuwa amekwisha kufa hospitalini Sydney mwezi wa Februari 1830. Kabla ya kufa alikuwa amepata cheti cha ruhusa, yaani kibali cha kujifanyia kazi mwenyewe bila kutoka nje ya wilaya aliyopangiwa. Darasa huchukua muda kuelewa ukali wa kibali hicho. Aliruhusiwa kujitafutia riziki, lakini si kurudi kwao.

Alizikwa katika makaburi ya Devonshire Street. Mwanzoni mwa karne ya ishirini makaburi hayo yaliondolewa ili kujenga kituo kikuu cha reli cha Sydney, kilichofunguliwa mwaka 1906. Mifupa yake haikupatikana. Mwaka 2017 wajumbe kutoka Afrika Kusini walikwenda kufanya ibada ya kuirudisha roho yake nyumbani, na mwaka 2021 uwanja wa ndege wa Port Elizabeth, mji ambao sasa waitwa Gqeberha, ulipewa jina lake. Wanafunzi hupenda sana sehemu hii. Sisi huwauliza ikiwa ibada nayo ni ushahidi wa kihistoria, na ubishi wake huweza kukila kipindi kizima. Tuuache ukile.

Kuhusu utaratibu wa darasani hatuna mengi. Vipindi vitatu vyatosha. Darasa ligawanywe katika vikundi, kila kikundi kipewe kituo kimoja cha maisha yake, na vikundi visomewe kuanzia Sydney kurudi Gamtoos. Shule isiyo na nakala za nyaraka itumie muhtasari ulioandikwa na mwalimu, lakini mwalimu asitunge hati na kuipa sura ya uzee. Tumewahi kuona mwanachuo akichovya karatasi katika chai ili ifanane na ya kale. Wanafunzi walifurahi, kisha mmoja akauliza kama Stuurman naye alikuwa wa kutungwa. Mwanachuo yule hakuwa na jibu.

Mara ya kwanza tulipolifundisha somo hili tulikosea. Tulianza na mto Gamtoos, tukaeleza dhuluma yote, ndipo tukafika kwenye hukumu. Wanafunzi walituamini tangu mwanzo na hawakupata la kutafuta. Mwaka uliofuata tulianza na neno “mfungwa wa maisha” peke yake ubaoni. Walimhukumu upesi, na baadhi yao walimdhania muuaji. Kikundi cha mwisho kilipomaliza kusoma habari za watu wale wawili waliomkimbilia, darasa lilinyamaza.

Katika ukimya huo mwanachuo mmoja, mtu mzima kidogo kuliko wenzake, alisimama akasema kwamba babu yake mzaa baba alifungwa wakati wa ukoloni kwa kushindwa kulipa kodi ya kichwa, na kwamba nyumbani kwao jambo hilo halitajwi mbele ya wageni. Aliuliza kama karatasi zake zaweza kupatikana. Tulimjibu kwa kanuni zilezile: aanze na wazee walio hai, aandike majina yote ambayo babu aliitwa, kisha aulize kesi ilisikilizwa wapi, na aende Nyaraka za Taifa na wilaya na mwaka mkononi. Likizo ilipofika aliondoka na daftari jipya. Aliporudi alitueleza kwamba bado hajafika kwenye nyaraka, kwa sababu bibi yake, akiisha kuulizwa, alizungumza siku nne.