Fahamu: Wosia, hiba au kukaa kimya?

Mwaka 2021 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilibatilisha wosia wa Reginald Mengi, bilionea wa kampuni za IPP aliyefariki 2019. Kumbe hata fedha nyingi haziukingi wosia.

Ili wosia usimame, mwandishi wake awe na akili timamu, na mashahidi wasiwe wanufaika. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, husaidia kuuandika na kuuhifadhi. Kwa Mwislamu, mwisho wa kuusia ni theluthi moja ya mali, madeni na mazishi yakishaondolewa.

Hiba ni njia nyingine: nyumba hutolewa mtoaji angali hai, hati ikabadilishwa jina. Ni njia ya mkato, ila mzee akikosana na mwanawe, kuirudisha ni kasheshe.

Asiyeacha wosia wala hiba huwaachia ndugu kikao cha ukoo, kisha foleni ya Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, muhtasari wa kikao mkononi.