Rozmeri, Moshi na Samaki wa Kilombero

Katika bonde la Kilombero, ambamo maji ya masika hufunika mbuga na, yapunguapo, humwachia mvuvi kambale, perege na kitoga wengi kupita haja ya siku moja, maarifa ya kuhifadhi chakula si anasa bali ni faradhi. Tangu zama za mababu, Wandamba na majirani zao wamewatandaza samaki juu ya vichanja, wakawasha moto mdogo chini yake, na kuwabanika mpaka wawe wepesi wa kuchukuliwa kwa matenga hadi Ifakara, na kutoka hapo kwenda miji ya mbali. Ukimvunja kambale aliyebanikwa vema, ngozi yake nyeusi hukatika kwa mlio, na nyama ya ndani huwa kavu, yenye rangi ya hudhurungi. Lakini umshikapo aliyekaa mno ghalani, vidole hubaki na mafuta ya manjano, na harufu ya uvundo hukukaba koo kabla hujaonja.

Sababu ni kwamba samaki ana maadui wawili, na kinachomzuia mmoja hakimzuii mwingine. Wa kwanza ni vijidudu, ambavyo havistawi pasipo maji, na hivyo hushindwa na jua, chumvi na moto. Wa pili ni hewa yenyewe, ambayo oksijeni yake huyashambulia mafuta ya samaki polepole, hata akiwa mkavu kama ukuni, ikayaharibu ladha na manufaa yake. Hapa moshi wa mvuvi una hekima iliyositirika, kwani ndani yake mna fenoli, kemikali ziyakingazo mafuta na oksijeni. Walakini moshi huo huo, ukizidi kiasi, huacha juu ya chakula masizi yenye sumu ziwezazo kuzaa saratani.

Fenoli ndizo pia zilizoipa sifa rozmeri, kichaka cha pwani za Mediterania chenye majani membamba, ya kijani kwa juu na meupe kwa chini. Mwaka 1952 wataalamu wa Marekani walitangaza majaribio ya viungo 32 katika mafuta ya nguruwe, wakaona kwamba rozmeri na seji vilivishinda vingine vyote katika kuyachelewesha mafuta yasivunde. Baadaye ilidhihirika kuwa nguvu hiyo hutoka hasa katika asidi ya kanosiki na kanosoli, ambazo huzituliza chembe korofi zizaliwazo na oksijeni kabla hazijaharibu mafuta mengine. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliruhusu kiini cha majani hayo kitiwe katika vyakula, kikapewa alama ya E392; na la kustaajabisha ni kwamba kiini hicho huondolewa harufu kwanza, ili samaki, soseji au mafuta ya kupikia yasinuke kama dawa.

Kumbe kinukiacho sicho hasa kihifadhicho. Mafuta ya rozmeri, yapatikanayo kwa kupitisha mvuke katika majani na kisha kuupoza, yana sineoli, ile ile ya mkaratusi, pamoja na kafuri. Katika maabara huvidhoofisha baadhi ya vijidudu, lakini kiasi kitakiwacho katika chakula aghalabu huwa kikubwa hata ladha ikamchukiza mlaji. Kwa upande wa siha, Shirika la Dawa la Ulaya huyakubali majani kwa kutuliza tumbo lililovimbiwa, na mafuta kwa kuchua misuli inayouma, kwa hoja ya mazoea ya miaka mingi, wala si kwa ithibati ya majaribio makubwa. Wasusi nao huyasifu mafuta hayo kwa kuotesha nywele, na jaribio la Iran la mwaka 2015, lililohusu watu 100, lilionyesha kuwa baada ya miezi 6 yalilingana na dawa ya nywele ya minoksidili ya asilimia 2. Ni habari njema, ila jaribio moja halitoshi kuwa hukumu.

Hadhari nayo ina mahali pake. Kafuri ikinywewa huweza kuleta degedege, kwa hiyo mafuta haya yasinyweshwe mtoto wala yasipakwe puani mwake, na mjamzito ajiepushe nayo. Fauka ya hayo, fenoli za rozmeri, kama zile za chai, huuzuia mwili usipate vema madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Jambo hilo si dogo kwa mama wa bondeni ambaye malaria humpunguzia damu. Kilombero yajua thamani ya kupima kabla ya kusifu: tangu miaka ya 1950, Rudolf Geigy wa Basel alipoanzisha maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, utafiti umekuwa desturi ya mji huo, na hata chandarua chenye dawa kilithibitishwa huko kwa hesabu ya watoto walionusurika.

Rozmeri haipendi maji yasimame mizizini mwake, basi mbuga zenye mafuriko si makao yake. Vyungu vya kibarazani na miteremko yenye jua huifaa zaidi. Mrehani wa uani, ambao ni wa ukoo mmoja nayo, una asidi ya rosmariniki, ingawa hauna ile ya kanosiki. Mpishi na ayatwange majani awapake samaki wake, lakini asiwapunguzie chumvi wala moto kwa kutumaini harufu. Wataalamu wetu wa uvuvi, kwa upande wao, wana jambo la kufaa la kupima: kama samaki aliyepakwa kiini cha rozmeri aweza kukaushwa kwa moshi haba na bado mafuta yake yakadumu. Likithibiti hilo, mlaji atapunguziwa masizi, na mvuvi ataokoa kuni.