MKUNGA MZURI HUMWAHISHA MAMA HOSPITALI

Mahali salama pa kujifungulia ni zahanati, kituo cha afya au hospitali. Lakini vijijini Tarime na Serengeti, uchungu huweza kumkuta mama nyumbani. Mkunga wa jadi afanye haya:

1. Anawe mikono kwa maji na sabuni.

2. Akate kitovu kwa wembe mpya. Asipake samadi wala majivu. Uchafu huleta pepopunda, nayo huua mtoto.

3. Aangalie damu. Huko Kigoma, wakunga wa jadi walifundishwa kupima damu kwa kanga. Kanga mbili zikilowa, mama yumo hatarini. Asingoje ya pili. Mama apelekwe Tarime, Mugumu au kituo cha karibu.

Baba, weka nauli mapema. Mkunga, kumpeleka mama hospitali si aibu. Ndiyo kazi yako.