Oman yauza mafuta na hisa, yasubiri mnunuzi wa hidrojeni

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Oktoba 2024 serikali ya Oman iliuza kwa umma hisa bilioni 2 za kampuni yake ya utafutaji na uchimbaji mafuta, OQ Exploration and Production, kwa baisa 390 kila moja. Zilikusanywa riali milioni 780, yaani zaidi kidogo ya dola bilioni 2 za Kimarekani, na soko la hisa la Muscat lilikuwa halijawahi kuona mauzo ya kwanza ya hisa makubwa kiasi hicho. Siku hisa hizo zilipoanza kuuzwa sokoni, bei ilishuka.

Mwenye kuzoea soko lolote, liwe la hisa au la vitunguu, ana swali lake la kawaida muuzaji anapojitokeza na mzigo mkubwa: kama mali ni nzuri, kwa nini anaiuza?

Jibu la kwanza ni kwamba hakuiuza yote. Zilizouzwa ni asilimia 25 na serikali ilibaki na asilimia 75. Jibu la pili ni madeni. Mwaka 2020, bei ya mafuta ilipoanguka pamoja na ugonjwa wa korona, deni la serikali ya Oman lilipanda hadi karibu asilimia 70 ya pato la taifa. Tangu hapo nchi hiyo imebana matumizi, imeanzisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 mwezi Aprili 2021, na imetumia fedha za bei nzuri ya mafuta kulipa wadai. Kufikia mwisho wa 2024 deni lilikuwa limeshuka hadi kama theluthi moja ya pato la taifa, na mwezi Septemba mwaka huo kampuni ya S&P iliirudisha Oman kwenye daraja la nchi zinazofaa kukopeshwa na wawekezaji waangalifu.

Jibu la tatu ndilo linalotuhusu zaidi leo, nalo ni umri wa visima.

Oman si mwanachama wa OPEC, ingawa tangu mwishoni mwa 2016 imekuwa ikishirikiana na umoja huo katika kupunguza uzalishaji. Hutoa takriban mapipa milioni 1 kwa siku. Akiba yake iliyothibitishwa ni karibu mapipa bilioni 5. Msomaji mwenye kikokotoo apige hesabu mwenyewe: kwa kasi hiyo haifiki miaka 15. Saudia na Kuwait hazina hofu ya namna hiyo.

Lakini hesabu hiyo isimtishe mtu kupita kiasi. Mafuta ya Oman yalianza kusafirishwa mwaka 1967, na mara nyingi yametangaziwa kifo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa zaidi ya mapipa 950,000 kwa siku, ukaporomoka hadi karibu 710,000 mwaka 2007, na wengi wakasema ndiyo basi. Wahandisi wakaanza kusukuma mvuke ardhini kwenye visima vya Mukhaizna na Qarn Alam ili mafuta mazito yalainike, na kule Marmul wakatumia maji yaliyochanganywa na kemikali ya kuyafanya mazito yasukume mafuta mbele. Ilipofika 2016 uzalishaji ulikuwa umepita mapipa milioni 1. Kwa hiyo akiba ya mafuta si pipa lililokaa ghalani likisubiri kumalizwa. Huongezeka na kupungua kwa kufuata bei na ufundi. Tatizo ni kwamba pipa la mvuke lina gharama kubwa kuliko pipa linalopanda lenyewe, na bei ya dunia ikianguka, wa kwanza kuumia ni mwenye gharama kubwa.

Mvuke huo hupikwa kwa gesi, na hapo ndipo habari ya jua ilipoanzia. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba visima vya Amal vitapata mvuke kutoka kwenye vioo vya kukusanya jua vilivyojengwa ndani ya mabanda ya vioo ili vumbi la jangwani lisiviharibu. Mvuke wa kwanza ulitoka 2017. Kampuni iliyobuni mradi huo, GlassPoint, ilifilisika 2020 kabla ya kukamilisha ukubwa uliokusudiwa. Ni vizuri wawekezaji wakumbuke jambo hilo: jua lilikuwepo, mnunuzi alikuwepo, na kampuni ikafa hata hivyo.

Umeme wa jua wa kawaida umekwenda vizuri zaidi. Kituo cha Ibri cha megawati 500 kilizinduliwa Januari 2022, kisha vikafuata viwili vya Manah vyenye megawati 500 kila kimoja. Huko kusini, Dhofar, mitambo ya upepo ya megawati 50 inafanya kazi tangu 2019. Serikali inataka asilimia 30 ya umeme itokane na jua na upepo ifikapo 2030, na mwaka 2022 ilijiwekea lengo la kufikia 2050 bila kuongeza hewa ya ukaa angani.

Hapa mfanyabiashara asidhani kwamba nia ni uchaji wa mazingira peke yake. Umeme wa Oman karibu wote ulikuwa ukitoka kwenye gesi. Kila kituo cha jua kinachowashwa kinaokoa gesi ambayo ingechomwa ili kuendesha viyoyozi vya Muscat. Gesi hiyo inaweza kupelekwa Qalhat, karibu na Sur, ikageuzwa kimiminika na kuuzwa kwa dola. Jua la Manah, kwa maneno mengine, linauzwa likiwa ndani ya meli ya gesi. Mwezi Aprili 2024 TotalEnergies na OQ waliamua kujenga mtambo mpya wa gesi ya kimiminika huko Sohar, wa tani milioni 1 kwa mwaka, utakaoendeshwa kwa umeme unaolingana na ule wa kituo cha jua cha megawati 300, na lengo mojawapo ni kuuzia meli gesi ya kuendeshea injini zao. Mwandishi wa safu hii anaona sehemu hii ndiyo imara kuliko zote katika mpango wa Oman, kwa sababu mnunuzi wa gesi yupo na anajulikana kwa jina.

Kwa hidrojeni mambo si hivyo. Mwaka 2022 iliundwa kampuni ya serikali inayoitwa Hydrom ya kugawa ardhi ya jangwani huko Duqm na Dhofar kwa wawekezaji watakaopasua maji kwa umeme wa jua na upepo. Lengo ni kutoa angalau tani milioni 1 kwa mwaka ifikapo 2030 na tani milioni 8.5 ifikapo 2050. Mikataba ya kwanza ilisainiwa 2023. Sasa tupime. Kilo moja ya hidrojeni huhitaji umeme wa takriban uniti 50. Tani milioni 1 zinahitaji uniti bilioni 50, na Shirika la Kimataifa la Nishati lilionyesha katika ripoti yake ya 2023 kwamba hiyo ni zaidi ya umeme wote wa Oman wa wakati huo. Maji yatatoka baharini na lazima yatolewe chumvi kwanza. Baada ya hapo hidrojeni haisafiri vizuri kwa meli, hivyo inageuzwa amonia.

Yote hayo yanawezekana kiufundi. Kinachokosekana ni mtu wa Ulaya au Japani wa kutia saini kwamba atanunua kwa miaka 15 kwa bei inayolipa. Mwezi Julai 2024 kampuni ya Fortescue ya Australia, iliyokuwa ikipiga kelele kuliko wote kuhusu hidrojeni, iliachana na lengo lake la tani milioni 15 kwa mwaka ifikapo 2030. Anayeona tangazo la hisa lenye neno "kijani" aulize kwanza mkataba wa mauzo uko wapi.

Upande wa mafuta ghafi nako kuna mteja mmoja mno. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ghafi ya Oman yamekuwa yakienda China, na huko China karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa 2024 yalikuwa yale ya kuchaji kwa umeme. Duka lenye mteja mmoja tajiri hupata faida nzuri mpaka siku mteja huyo anaponunua shamba lake mwenyewe.

Kwa mwekezaji mdogo, hisa za Muscat si za aina moja. OQ Gas Networks, iliyouzwa Oktoba 2023 kwa takriban dola milioni 750, ni kampuni ya mabomba. Hulipwa kwa kusafirisha gesi kwa viwango vinavyopangwa na msimamizi, kwa hiyo bei ya pipa ikitikisika haiumii sana. OQ Exploration and Production ni visima vyenyewe, na gawio lake likiwa zuri lazima mtu ajiulize ni kiasi gani ni faida na kiasi gani ni mali yake mwenyewe anarudishiwa kidogo kidogo kisima kikipungua. Hisa ya kisima inunuliwe kwa hesabu ya kisima, isinunuliwe kama nyumba ya kupangisha. Riali nayo imefungwa kwa dola kwa kiwango kilekile tangu 1986, jambo linalompunguzia mgeni wasiwasi mmoja.

Bajeti ya Oman ya 2025 ilipangwa kwa bei ya dola 60 kwa pipa, na karibu theluthi mbili ya mapato ilitegemewa kutoka mafuta na gesi. Mwezi Juni 2025 ilitolewa amri ya kutoza kodi ya mapato ya asilimia 5 kwa watu binafsi wanaopata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Ni nchi ya kwanza ya Ghuba kufanya hivyo. Miongoni mwa watakaoitazama amri hiyo kwa makini ni familia zenye asili ya Unguja zilizorudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, nyingi zikiwa na watu waliosoma na kuingia serikalini na kwenye kampuni ya mafuta, na ambazo hadi leo huzungumza Kiswahili nyumbani.

Kwa upande wetu wa pwani, jina la kukumbuka ni Duqm. Kiwanda cha kusafisha mafuta huko, ubia wa OQ na Wakuwaiti, kina uwezo wa mapipa 230,000 kwa siku na kilizinduliwa rasmi Februari 2024. Dizeli na mafuta ya ndege ni miongoni mwa bidhaa zake kuu. Bandari yake iko nje ya mlango wa Hormuz, upande wa Bahari ya Hindi, hivyo meli inayotoka hapo kuja Dar es Salaam haina haja ya kupita kwenye mlango huo. Bei kikomo anazotangaza EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hufuata bei za mafuta yaliyosafishwa katika Ghuba pamoja na gharama za kuyaleta. Mwenye malori ya kwenda Tunduma, kila Hormuz inapotajwa kwenye habari, aulize meli yake imepakia upande gani wa mlango.