Cheni ya Baiskeli Inachomoka Kila Mara? Pima Ekseli ya Pedali Kabla ya Kununua Cheni Nyingine

Msikilizaji wetu mmoja anayepeleka maziwa kwa baiskeli alitutumia ujumbe wa malalamiko. Ndani ya msimu mmoja amenunua cheni mbili, na zote zinafanya mambo yale yale: akipanda mlima na madumu nyuma, cheni inachomoka, mguu unateleza kwenye pedali na baiskeli inayumba. Mara moja alianguka na maziwa yote yakamwagika. Swali lake lilikuwa fupi: "Cheni za siku hizi ni feki?"

Tulipomuuliza historia ya baiskeli yake, jibu likaanza kuonekana. Ni baiskeli ya mtumba iliyokuja na gia nyingi. Gia zilipoharibika, fundi alizitoa na kubakiza sproketi moja mbele na moja nyuma. Baadaye ekseli ya pedali ikaisha, ikanunuliwa nyingine, ile iliyokuwepo dukani. Hakuna aliyeipima. Tatizo lilikuwa urefu wa ekseli hiyo, na kila cheni mpya ilikuwa inalipia kosa hilo.

Mstari wa cheni ni nini?

Simama nyuma ya baiskeli yako, chuchumaa, kisha tazama cheni kutoka sproketi ya nyuma kwenda ya mbele. Inatakiwa iende moja kwa moja kama kamba iliyovutwa. Ikiwa inakwenda mshazari, sproketi mbili hazitazamani. Hapo meno yanasugua cheni ubavuni, unasikia mlio wa kukwaruza, meno yanalika upande mmoja, na ukikanyaga kwa nguvu cheni inapanda juu ya meno na kutoka.

Baiskeli yenye gia nyingi huvumilia mshazari kidogo, kwa sababu cheni yake imetengenezwa ijipinde kwa ubavu, na kuna kifaa nyuma kinachoivuta na kuiongoza. Ukishatoa kifaa hicho na kubakiza gia moja, cheni haina wa kuishika. Kinachobaki ni unyoofu wake tu. Tofauti ya milimita 1 au 2 haina shida kubwa. Ikifika milimita 4 au 5, tarajia matatizo.

Ekseli inaingiaje hapo?

Ekseli ya pedali ni kile chuma kinachopita ndani ya bomba fupi chini ya fremu na kushika krenki mbili, kulia na kushoto. Sproketi ya mbele imefungwa kwenye krenki ya kulia. Kwa hiyo ekseli ikiwa ndefu, sproketi inasogea nje, mbali na fremu. Ikiwa fupi, inasogea ndani.

Ekseli zenye ncha za mraba, zile za kufunga krenki kwa bolti, zinauzwa kwa urefu mwingi tofauti: kuna za milimita 103, 107, 110, 113, 118, 122 hadi 127. Ukiziona dukani zinafanana, lakini kati ya fupi na ndefu kuna zaidi ya sentimita 2.

Namna ya kupima

Unahitaji rula yenye milimita na karatasi ya kuandikia. Tunapima kila upande kutoka katikati ya fremu.

Kwanza, nyuma. Pima nafasi kati ya zile sehemu mbili za fremu zinazoshika gurudumu la nyuma, kwa ndani. Gawanya kwa mbili. Kisha pima kutoka ndani ya sehemu ya kulia hadi katikati ya unene wa meno ya sproketi ya nyuma, na utoe. Mfano: nafasi ni milimita 135, nusu yake ni 67.5. Kutoka kulia hadi kwenye meno ni 22. Toa 22 kwenye 67.5, unabaki na 45.5. Huo ndio mstari wa nyuma.

Pili, mbele. Pima unene wa bomba linalobeba kiti, pale chini karibu na sproketi, uchukue nusu yake. Kisha pima kutoka ubavu wa kulia wa bomba hilo hadi katikati ya unene wa meno ya sproketi ya mbele, na ujumlishe. Mfano: bomba lina milimita 28, nusu ni 14. Kutoka bomba hadi kwenye meno ni 36. Jumla ni 50. Zungusha pedali upime tena sehemu nyingine ya sproketi. Vipimo vikitofautiana sana, sproketi imepinda, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza.

Sasa linganisha. Mbele ni 50, nyuma ni 45.5. Sproketi ya mbele imetoka nje kwa milimita 4.5.

Hapa ndipo watu wengi hukosea

Ukisikia milimita 4.5, unaweza kwenda dukani kutafuta ekseli iliyo fupi kwa kiasi hicho. Ukifanya hivyo, utapata nusu tu ya unachokitaka. Ekseli ikipungua, kwa kawaida inapungua pande zote mbili sawasawa. Kwa hiyo zidisha tofauti yako mara mbili: 4.5 mara 2 ni 9. Kama ekseli uliyonayo ni ya milimita 122, tafuta ya 113.

Kama hesabu ingekuwa kinyume, yaani sproketi ya mbele iko ndani kuliko ya nyuma, ungetafuta ekseli ndefu zaidi kwa hesabu hiyo hiyo.

Kumbuka pia kwamba baadhi ya ekseli zinazozungukia gololi zina upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Kwa kawaida ule mrefu hukaa kulia, upande wa cheni. Fundi akiigeuza kwa bahati mbaya, mstari wote unaharibika ingawa ekseli ni ile ile. Kabla ya kuitoa, weka alama ya rangi upande wa kulia. Ukienda dukani, nenda na ekseli ya zamani mkononi, usiende na maelezo ya mdomo.

Kabla ya kutoa pesa

Huenda usihitaji ekseli mpya kabisa. Kama krenki yako ilikuwa na sproketi tatu, jaribu kuihamisha sproketi unayoitumia kutoka nafasi ya nje kwenda ya kati, kama matundu ya bolti yanaruhusu. Kama tofauti ni milimita 1 au 2, washa nyembamba kwenye bolti za sproketi au nyuma ya sproketi ya nyuma zinaweza kumaliza kazi kwa gharama ndogo.

Hakikisha pia kwamba gurudumu la nyuma limekaa sawa na cheni haijalegea. Ukiibonyeza katikati, icheze kiasi cha sentimita 1 hivi. Shika krenki uitikise kulia na kushoto: ikicheza, gololi au vikombe vyake vimekwisha au vimelegea, na vipimo vyako havitakuwa vya kweli mpaka hilo lirekebishwe.

Wakati wa kufunga

Kwenye fremu nyingi, kikombe cha upande wa kulia kina uzi wa kinyume: hufunguka kwa kuzungushwa kama mishale ya saa inavyokwenda. Cha kushoto hufunguka kwa njia ya kawaida. Fremu nyingi zimeharibiwa uzi na mtu aliyelazimisha kikombe cha kulia kwa spana ndefu, akidhani kimeshika kutu kumbe anazidi kukikaza.

Ukichagua ekseli fupi, funga krenki kisha uzungushe polepole ukitazama fremu. Krenki na sproketi zisikaribie bomba linalokwenda kwenye gurudumu la nyuma kiasi cha kugusa. Acha angalau milimita 3, kwa sababu ukibeba mzigo fremu hujipinda kidogo. Ikigusa, ekseli hiyo ni fupi mno hata kama hesabu inakubali. Hapo chukua iliyo ndefu kidogo, na kiasi kinachobaki kimalize kwa washa nyuma.

Jambo la mwisho: ncha za mraba zina viwango viwili, cha Japani na cha ISO. Kwa macho ni vigumu kuvitofautisha, lakini krenki ya kiwango cha Japani ikiwekwa kwenye ekseli ya ISO huzama ndani zaidi kwa milimita kadhaa, na hesabu yako inapotea. Muombe muuzaji akuruhusu kuijaribu na krenki yako hapo hapo dukani.

Na msikilizaji wetu wa maziwa? Alipima, akatutumia namba zake, na ndizo tulizozitumia kama mfano hapa juu. Cheni zake hazikuwa feki. Kabla hujanunua cheni ya tatu, chuchumaa nyuma ya baiskeli yako uitazame. Ukipima na hesabu ikakushinda, tutumie namba zako kwa ujumbe mfupi, tutaisoma hewani na kuikokotoa pamoja.