Injini Ioshwe Ikiwa Imepoa

Mvua za Kigoma zikinyesha, malori hufika kambini yana matope mpaka ndani ya boneti. Vijana wetu huitwa kuyaosha, na wengine humwagia injini maji bado ina moto. Hatari! Mvuke unaunguza uso, na chuma cha moto kikipata maji baridi chaweza kupasuka.

Kwanza ngojeni ipoe. Fungueni waya wa hasi wa betri, funikeni alternata na njia ya hewa kwa nailoni. Toeni majani makavu karibu na bomba la moshi, yanashika moto. Rejeta isuguliwe taratibu kwa brashi laini. Ikiziba, gari linachemsha. Mwageni maji polepole. Injini ikishakauka ndipo mrudishe waya.

Wazazi, waelezeni vijana.